Bandari Sita kwa Siku Nane

Msomaji mpenzi, labda hujapata kuiona bahari kwa macho yako. Labda maji makubwa uyajuayo ni ziwa, au mto wenu unapofurika wakati wa masika. Si kitu. Leo nataka tusafiri pamoja: wewe, mwenzako wa ndoa, watoto, na bibi yao pia, ikiwa magoti yake bado yanamruhusu. Nauli hatutalipa. Tutakaa papa hapa barazani, na huku tumekaa tutaizunguka Bahari ya Mediterania, ile ambayo vitabu vya zamani viliiita Bahari ya Kati. Na kweli iko katikati: kaskazini yake ni Ulaya, kusini ni Afrika yetu, na mashariki ni Asia.

Labda utauliza, “Kwa nini unipeleke huko, na mimi nina shamba la kupalilia?” Nitakujibu. Kwanza, siku hizi jamaa nyingi za Ulaya na Marekani hutumia likizo yao hivyo. Baba, mama na watoto hupanda merikebu moja kubwa. Usiku merikebu hutembea, na asubuhi huamkia bandari nyingine. Yafaa kujua wenzetu wanavyoishi. Pili, baadhi ya bandari hizo umekwisha kuzisikia kanisani, ijapokuwa labda hukuzitambua. Tatu, katika safari hii liko jambo moja ambalo si la Wazungu peke yao. Litakufaa wewe mwenyewe siku utakapovuka maji kwenda arusini au msibani. Nitalisema tutakapofika mahali pake.

Haya basi, fungeni mizigo.

MERIKEBU NI MJI

Tunaanza Genova, katika nchi ya Italia. Huo ndio mji alikozaliwa Kristofa Kolumbo mwaka 1451. Mlangoni mwa bandari umesimama mnara wa taa uitwao Lanterna, wenye urefu wa mita 77. Mnara huo uonekanao sasa ulijengwa mwaka 1543, na mpaka leo unawaonyesha mabaharia njia usiku.

Nayo merikebu yetu ile pale gatini. Usiitafute kwa kutazama mbele tu, inua macho. Nyingine katika hizi zina urefu wa mita 300 na zaidi, yaani kama viwanja vitatu vya mpira vikipangwa mstari mmoja. Zile kubwa huchukua abiria zaidi ya 5,000, bila kuhesabu wafanyakazi, ambao nao huwa zaidi ya 1,000. Ndani yake mna vyumba vya kulala, vyumba vya kulia, mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa michezo, zahanati yenye daktari, na mahali pa watoto penye walezi wao. Kweli ni mji mzima, ila mji huu hauna shamba wala kisima. Chakula chote lazima kipakiwe bandarini.

Nauli hulipia chumba na chakula. Lakini baba wa jamaa asidanganyike. Vinywaji vingi, intaneti, na matembezi ya nchi kavu hulipiwa mbali. Tena fedha mkononi hazitumiki. Kila abiria hupewa kadi ndogo, na kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo mfuko wa fedha, ndiyo cheti cha kushukia na kupandia. Mtoto akitaka kitu cha baridi, kadi. Mama akiona kitambaa kizuri dukani, kadi. Hakuna noti inayotoka mfukoni, kwa hiyo hakuna uchungu, mpaka siku ya mwisho hesabu inapoletwa. Wewe uliyepata kukopa dukani kwa daftari wajua maana ya maneno haya.

Kadi hiyo ina kazi nyingine kubwa kuliko hizo. Kila abiria anaposhuka bandarini hupitishwa kwenye mashine, na kila anaporudi hupitishwa tena. Hivyo wakubwa wa merikebu wanajua saa yo yote ni nani yumo na ni nani bado hajarudi. Jambo hili la hesabu ulikumbuke, maana tutalirudia.

Na hati za safari? Nchi nne tutakazozitembelea, yaani Italia, Malta, Hispania na Ufaransa, zote zimo katika mapatano yaitwayo Schengen. Kwa hiyo ruhusa moja yatosha kuziingia zote. Mtanzania au Mkenya lazima aiombe kabla ya kuondoka kwao. Tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Wadogo zaidi hawalipi. Basi kwa jamaa ya watu sita fedha nyingi hutoka hata kabla ya kuigusa nauli.

SOMO LA KWANZA NI LA HATARI

Kabla merikebu haijang'oa nanga, abiria wote huonyeshwa mambo ya hatari. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, hufundishwa alama ya hatari inavyolia, jaketi la kujiokoa linavyovaliwa, na mahali atakapokusanyika na wenziwe. Watoto wengi hufungwa mkononi ukanda wenye alama ya mahali pao, ili mtu ye yote akimwona mtoto peke yake ajue ampeleke wapi.

Watu wengine hunung'unika. Husema, “Tumekuja kustarehe, si kufundishwa kuzama.” Msomaji, sikiliza kwa nini hakuna ruhusa ya kukosa.

Tarehe 13 Januari 2012, siku ya Ijumaa, merikebu ya likizo iitwayo Costa Concordia iliondoka jioni katika bandari ya Civitavecchia, ambayo ndiyo bandari ya kuendea Roma. Ndani yake walikuwamo watu 4,229. Watu walikuwa wakila chakula cha usiku, nahodha alipoipitisha karibu mno na kisiwa cha Giglio. Mwamba ukaupasua ubavu wa merikebu, maji yakaingia, taa zikazimika. Amri ya kuiacha merikebu ilikawia zaidi ya saa nzima. Nahodha mwenyewe akatoka kabla abiria wake hawajaisha kutoka. Watu 32 walikufa, na nchi kavu ilikuwa karibu, hata taa za kijiji zilionekana. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 16.

Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku ile ile, nao walikuwa bado hawajaonyeshwa cho chote. Sheria ya wakati ule iliruhusu somo hilo litolewe katika muda wa saa 24. Tangu mwaka 2015 sheria ya mataifa imebadilishwa: abiria wapya lazima waonyeshwe kabla ya kuondoka, au papo hapo wakati wa kuondoka. Mabaki ya Costa Concordia yalivutwa mwaka 2014 hadi Genova, bandari hii hii tuliyomo, yakavunjwa hapa kuwa vyuma chakavu.

Basi mvalishe mtoto jaketi, na usinung'unike.

NAPOLI: USITAKE YOTE

Asubuhi dirisha linaonyesha mlima wenye vichwa viwili. Huo ni Vesuvio, mlima wa moto. Mwaka 79 baada ya Kristo ulilipuka ukaufunika mji wa Pompei kwa majivu na mawe. Mji ukasahauliwa kwa karne nyingi. Ulianza kufukuliwa mwaka 1748, na hata leo kazi haijaisha. Mara ya mwisho mlima huo kulipuka ilikuwa mwaka 1944.

Ukipanda gari moshi kutoka Napoli, waweza kufika Pompei kabla ya saa moja kwisha. Utatembea katika njia za mawe, na katika mawe hayo utaona mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya magari ya farasi ya watu wa zamani. Utaona matanuri ya mikate. Mikate yenyewe pia ilipatikana, imegeuka makaa, ikiwa bado na alama za kukatia vipande. Watoto wako, ambao hawajali tarehe za wafalme, wataielewa mikate hiyo. Mtu fulani aliikanda akitumaini kwamba jioni watu watakula.

Siku hizi watu waruhusiwao kuingia Pompei hawazidi 20,000 kwa siku moja. Amri hiyo ilianza Novemba 2024, maana miguu ya wageni ilikuwa inaumaliza mji uliosalimika na moto. Tena karibu na magofu hayo pana Pompei mpya, yenye kanisa kubwa la Bikira Maria wa Rozari. Lilianzishwa na Bartolo Longo, mwanasheria aliyeiacha imani, kisha akairudia, akawajengea nyumba watoto yatima na watoto wa wafungwa. Tarehe 19 Oktoba 2025 aliandikwa katika orodha ya watakatifu.

Sasa kosa la wasafiri wengi hutokea hapa. Merikebu hukaa bandarini saa nane au tisa tu. Baba ana karatasi yake: asubuhi Pompei, adhuhuri kisiwa cha Capri, alasiri makanisa ya mjini, na jioni ule mkate bapa uitwao piza, ambao Napoli ndiko kwao. Mama anawatazama watoto, anamtazama na bibi yao, kisha anasema, “Tuchague moja.” Msomaji mume, msikilize. Jua la Julai huko ni kali kama la kwetu, njia ni za mawe, na vivuli ni haba. Jamaa iliyokwenda mahali pamoja ikapaona, yafaa kuliko ile iliyokwenda mahali pane ikarudi imegombana.

Tena kumbuka saa. Kila bandari merikebu hutangaza saa ya mwisho ya kurudi, kwa kawaida nusu saa kabla ya kuondoka. Aliyetembea kwa gari lililopangwa na merikebu hungojewa. Aliyejipangia mwenyewe hangojewi. Ataiona merikebu ikienda na nguo zake, naye atajitafutia njia ya kuikuta bandari ya mbele.

MESSINA: FURAHA ISIYOLIPIWA

Siku ya tatu tuko Messina, katika kisiwa cha Sisilia. Mlango wa bahari hapa ni mwembamba. Mahali pengine upana wake ni kama kilomita tatu tu. Alfajiri ya tarehe 28 Desemba 1908 ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda, na makumi ya maelfu ya watu wakafa pande zote mbili. Ndiyo maana karibu nyumba zote uzionazo Messina si za kale sana. Mji ulijengwa upya.

Kutoka gatini hadi kanisa kuu waweza kwenda kwa miguu, hata bibi ataweza akipumzika njiani. Kando ya kanisa pana mnara wa kengele wenye saa kubwa ya ajabu, iliyowekwa mwaka 1933. Ikifika saa sita mchana, simba wa dhahabu aliye juu ya mnara huzungusha kichwa na kunguruma. Kisha jogoo hupiga mabawa na kuwika. Na sanamu nyingine zikafuata. Watu hujaa uwanjani, wa kila taifa, wote vichwa juu.

Hakuna kiingilio uwanjani hapo. Katika siku nane zote, yawezekana jambo hili ndilo watoto wako watakalolisimulia kwanza wakirudi shuleni, tena ndilo ambalo hukutoa hata senti moja.

MALTA: MAHALI AMBAPO BAHARI HUITWA BAHARI

Siku ya nne twaingia Valletta, mji mkuu wa Malta. Amka mapema, uwaamshe na watoto, mpande juu. Kuta za mawe ya rangi ya asali zimesimama pande zote mbili za maji. Mji huu ulianzwa mwaka 1566 na mashujaa wa chama cha Mtakatifu Yohane, mwaka mmoja baada ya kuzingirwa kisiwani na jeshi kubwa la Waturuki. Jina lake ni la mkuu wao, Jean de Valette. Katika kanisa la Mtakatifu Yohane imo picha kubwa ya kukatwa kichwa kwake, iliyochorwa na Caravaggio mwaka 1608.

Sasa tega sikio Wamalta wanapozungumza. Lugha yao ilitoka katika Kiarabu cha zamani, nasi Waswahili tumeazima maneno mengi huko huko. Kwa hiyo bahari wao waiita baħar. Dunia ni dinja. Kitabu ni ktieb. Wakihesabu, sita ni sitta, saba ni sebgħa, na tisa ni disgħa. Umetoka kijijini kwako mpaka Ulaya, na mwenye duka anahesabu karibu kama wewe! Mwambie mtoto wako ahesabu naye.

Lakini Malta twaijua kwa sababu nyingine. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume imeandikwa habari ya Mtume Paulo, aliyekuwa akipelekwa Roma hali amefungwa. Dhoruba iliisukuma merikebu yao siku nyingi, hata wakakata tamaa. Mwisho ilikwama, ikavunjika karibu na kisiwa hiki. Askari walitaka kuwaua wafungwa wasitoroke, akida akawakataza. Waliojua kuogelea waliruka kwanza, wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote wakafika salama, na wenyeji wakawawashia moto, maana mvua ilikuwa ikinyesha. Wamalta huadhimisha ajali hiyo kila mwaka tarehe 10 Februari.

Nami nataka uangalie neno moja dogo katika habari hiyo, ambalo watu hulisoma upesi wakalipita. Mwandishi anataja hesabu: watu 276. Merikebu ile haikuwa na mashine wala kadi. Ilikuwa usiku, upepo unavuma, watu hawajala siku nyingi. Hata hivyo kulikuwa na mtu aliyejua idadi yao. Kwa hiyo walipofika pwani waliweza kusema, “Wote wamepona.” Asiyejua ni wangapi walioondoka, atasemaje kwamba wote wamefika?

SIKU YA BAHARINI TU

Kutoka Malta hadi Hispania ni mbali. Siku ya tano hatuoni nchi kavu. Watoto wako bwawani, bibi amepata kiti chenye kivuli. Nawe una nafasi ya kuwatazama wale ambao hawako likizoni.

Nani aliyetandika kitanda chako? Nani aliyeosha sahani elfu kumi za asubuhi? Wengi wao ni watu wa Ufilipino, Indonesia, India, na baadhi ni Waafrika. Mikataba yao huwa ya miezi sita, minane, au zaidi. Wengi ni baba na mama kama wewe, ila watoto wao huwaona katika kioo cha simu, intaneti ikipatikana. Wanawahudumia watoto wa wengine ili waweze kuwasomesha wao.

Katika kijiji chako yawezekana yuko kijana anayetamani kazi hiyo. Si kazi mbaya. Ni kazi halali, yenye mshahara. Lakini mwambie hivi. Mapatano ya mataifa juu ya kazi za baharini, yaliyoandikwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, yanakataza kumtoza baharia fedha za kumtafutia kazi. Atakayojilipia mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na hati ya kusafiria, si “ada ya nafasi.” Basi akija wakala na suti yake, akasema, “Uzeni ng'ombe mbili, mtoto wenu atapata kazi merikebuni,” fungeni zizi. Mwenye kazi ya kweli hamwuzii mtu kazi.

Kwa ajili ya watu hao liko shirika la Kikatoliki liitwalo Stella Maris, lililoanzishwa Glasgow mwaka 1920. Watumishi wake huingia merikebuni bandarini, huwasikiliza mabaharia, huwapatia njia ya kuongea na kwao, na huwaletea padre wakimhitaji.

Liko jambo jingine katika maji haya, nami sitalificha. Si mbali na Malta kiko kisiwa cha Lampedusa. Tarehe 3 Oktoba 2013, karibu na pwani yake, mashua iliyojaa wahamiaji, wengi wao kutoka Eritrea, ilishika moto ikapinduka. Watu 368 walikufa. Miezi mitatu kabla yake, tarehe 8 Julai, Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amekitembelea kisiwa hicho kuwaombea waliokufa baharini. Tangu mwaka 2014 waliokufa au kupotea katika Mediterania wamezidi 30,000. Hao hawakuwa na kadi ya kupitisha kwenye mashine. Hakuna aliyewahesabu wakati wa kupanda, na wengi hata majina yao hayajulikani. Bahari ni ile ile, na maji ni yale yale. Usimfiche kijana wako habari hii.

BARCELONA: MGENI WA SAA NANE

Siku ya sita tuko Barcelona. Kila mtu huenda kulitazama kanisa la Jamaa Takatifu, Sagrada Família. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1882. Mwaka uliofuata kazi ilishikwa na Antoni Gaudí, naye akaishikilia mpaka mwaka 1926, alipogongwa na gari la reli ya mjini. Watu hawakumtambua kwa nguo zake duni. Alizikwa chini ya kanisa hilo hilo. Mnara wake wa katikati ulipangwa kufika mita 172 na nusu. Nguzo za ndani zinapanda na kugawanyika kama miti. Mtoto akiingia husema ni msitu. Tiketi hununuliwa siku nyingi kabla, asiyenayo hulitazama kwa nje. Tena katika njia ya La Rambla shika mfuko wako, maana wezi wa mifukoni huko ni mafundi.

Lakini wenyeji wa Barcelona wana malalamiko. Asubuhi moja merikebu kadhaa huweza kushusha maelfu ya watu. Njia zikajaa, na jioni wote wakaondoka. Mwaka 2024 baadhi ya wenyeji waliandamana, wakawamwagia wageni maji kwa bunduki za watoto za kuchezea. Mwaka 2025 wakuu wa mji na wa bandari walipatana kupunguza majengo ya kupokelea merikebu hizo kutoka saba mpaka matano ifikapo mwaka 2030. Venezia walitangulia: tangu Agosti 2021 merikebu kubwa zimekatazwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko.

Sisi tuna methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini ufanyeje na mgeni wa saa nane, asiyelala kwako, wala hali kwako kwa kuwa chakula chake kiko merikebuni, tena kesho anakuja mwingine kama yeye? Hata jembe huwahi kumpa. Basi mgeni mwema hujitahidi. Hununua mkate kwa mwenyeji, husalimu kwa lugha yao hata neno moja, wala hapigi picha ya kikongwe aliyeketi mlangoni pake bila kumwomba.

MARSEILLE: WALIKOPANDIA MAPADRE

Siku ya saba ni Marseille, Ufaransa, mji ulioanzishwa na Wagiriki kama miaka 600 kabla ya Kristo. Juu ya kilima limesimama kanisa la Notre-Dame de la Garde, yaani Bikira Maria Mlinzi, lililowekwa wakfu mwaka 1864. Juu ya mnara wake pana sanamu ya dhahabu ionekanayo kutoka mbali baharini. Ingia ndani utazame juu: merikebu ndogo za kuchonga zimening'inia darini kwa nyuzi. Ziliwekwa kwa shukrani. Kutani pana vibao vingi vya mawe vya watu waliopona.

Nasi tuna sababu ya kusimama hapa kidogo. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na njia kutoka bandari hii mpaka pwani yetu ikawa fupi. Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, walipanda merikebu Marseille, wakafika Unguja, wakavuka hadi Bagamoyo, kisha wakaenda bara kwa miguu mpaka Tabora, Ujiji na Buganda. Si wote waliofika. Homa iliua njiani. Ikiwa babu wa babu yako alibatizwa kando ya Ziwa Viktoria au Tanganyika, habari ile ilianza kwa kuagana katika gati hili.

TURUDI NYUMBANI

Siku ya nane tunaiona Lanterna tena. Mizigo imewekwa nje ya mlango, na hesabu ya kadi imelipwa, au baba bado anaikodolea macho. Safari imekwisha.

Nilikuahidi jambo moja, nalo ndilo hili.

Tarehe 21 Mei 1996 merikebu ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imezidisha watu. Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo hesabu kamili ya waliokuwamo haijulikani, kwa kuwa haikuandikwa sawasawa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, nacho kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wametoka sokoni.

Wewe labda hutaiona Genova wala Marseille. Lakini ziwa utalivuka, au mto. Basi chukua kutoka kwa merikebu zile kubwa vitu visivyolipiwa. Kabla ya kupanda, wahesabu watu wako kwa majina, na kila mtoto mkubwa ajue ni mdogo yupi anayemshika mkono. Ukifika ndani, uliza majaketi yako wapi, ulivae, umvalishe na mtoto, hata kama kijana wa pembeni atacheka. Patana na jamaa yako mtakutana wapi mkitengana. Na ukiona chombo kimejaa mno, shuka. Useme mbele ya watu wote, “Mimi na watoto wangu tutangoja cha kesho.” Nauli ikipotea, ipotee. Arusi itawangoja, na marehemu, kama ni msiba, hatakasirika.

Kisha mkifika ng'ambo, kabla ya salamu na kabla ya mizigo, hesabu tena. Wakiwa sita kama mlivyoondoka, umefika salama.